WATU WASIOKIMBIA
Juu ya kazi ya kujitolea katika mbio za nyika na mbio za masafa marefu

Kila muhula gazeti letu huchapa majina ya washindi wa mbio, nayo ni haki yao. Lakini mtu akihesabu vema ataona kwamba katika mbio za nyika zenye wakimbiaji sitini, wako watu wengine kama thelathini ambao hawakukimbia hata hatua moja. Bila wao zisingalikuwa mbio. Wangalikuwa vijana sitini waliopotea mashambani. Juu ya watu hao ndio nataka kuandika leo, maana sijaona hata mara moja majina yao yakichapwa. Ninayo pia sababu yangu mwenyewe ya kuandika, wala si ya kujivunia.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, katika shule moja ya wilaya hii, yalifanyika mashindano ya mbio za nyika baina ya shule. Mimi sikuwa mkimbiaji. Mwalimu wa michezo alinipeleka mahali ambapo njia ya ng'ombe huachana na barabara kubwa, akanipa kitambaa chekundu, akasema, "Kijana, kazi yako ni moja tu. Kila anayefika mwonyeshe mkono wa kushoto. Usiondoke hapa mpaka nije kukuchukua mwenyewe." Nikajibu, "Ndiyo, mwalimu."

Wavulana walipita wote. Nilisimama kidogo, halafu nikasikia makelele yakitoka uwanjani, nami nikatamani kuona nani ameshinda. Nikajiambia kwamba wasichana wako mbali bado. Nikakimbia uwanjani. Kumbe msichana mmoja wa shule nyingine alikuwa amewaacha wenzake mbali sana. Alifika pale njia panda peke yake, hakuona mtu wala kitambaa, akafuata barabara kubwa, kama mgeni yeyote angalivyofanya. Alikwenda zaidi ya kilomita moja mpaka mzee mmoja aliyekuwa akichunga akamwambia kuwa wenzake wamepita kule chini. Akarudi mbio, akamaliza wa tisa.

Mwalimu wake alileta malalamiko. Walimu watatu wakakaa chini ya mti kuamua. Walimhurumia, lakini hawakuweza kumpa nafasi ambayo hakuifikia mstarini, wala hawakuweza kuwanyang'anya wale waliofuata njia sawasawa. Matokeo yakabaki vilevile, na timu ya wilaya ikachaguliwa kwa matokeo hayo. Yule dada alikuwa Kidato cha Nne. Hakuwa na mwaka mwingine. Siku ile sikusema neno. Baada ya wiki mbili nilimwendea mwalimu wangu nikamweleza yote. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Umechelewa, mwanangu," akaendelea kusahihisha madaftari.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza na kusoma: mbio hizi huongozwa na nani? Nani hupima njia, nani hutunga kanuni, nani huamua, na nani humlipa? Jibu la swali la mwisho ni fupi. Aghalabu halipwi na mtu.

Yafaa kwanza kujua kwamba mbio za nyika zilizaliwa shuleni. Katika karne ya 19 wanafunzi wa shule za bweni za Uingereza walikuwa na mchezo ambao wavulana wawili walitangulia wakitupa vipande vya karatasi njiani, nao wengine wakawafuata kupita mashamba, vijito na nyua, kama mbwa wamfuatao sungura. Walipokuwa watu wazima hawakutaka kuuacha mchezo wao. Mwaka 1868 wakaanzisha karibu na London chama kilichoitwa Thames Hare and Hounds, nacho huhesabiwa kuwa chama cha kwanza cha mbio za nyika duniani. Hakikuwa na mtumishi wa mshahara. Mwanachama mmoja aliandika barua, mwingine alitunza fedha, mwingine alitangulia kuweka alama njiani. Hata leo vyama vingi vya mbio, vikubwa kwa vidogo, vina watu hao watatu: katibu, mweka hazina, na yule mwenye kujua njia.

Mashindano ya mataifa ya mbio za nyika yalianza mwaka 1903 huko Scotland. Shirikisho la riadha la dunia, ambalo siku hizi huitwa World Athletics, liliundwa mwaka 1912 mjini Stockholm na mataifa 17, na mwaka 1973 likaanza kuendesha Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika. Mashindano hayo yamefika kwetu Afrika Mashariki mara mbili: Mombasa mwaka 2007, ambako joto la pwani liliwashinda mabingwa wengi, hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia akaacha mbio njiani, na Kampala mwaka 2017, ambako kwa mara ya kwanza wanawake walikimbia kilomita 10 sawa na wanaume. Jambo hilo la mwisho halikutokea kwa bahati. Watu walilidai vikaoni miaka mingi.

Mbio za milimani na za vijia vya porini zina historia fupi zaidi, nazo zaonyesha wazi jinsi watu wa kujitolea wanavyotangulia na wakubwa wakafuata. Wapenzi wa mbio za milimani waliunda kamati yao ya kimataifa mwaka 1984, na mwaka uliofuata wakashindana Italia kugombea kombe lao la kwanza. Mwaka huohuo wa 1984 wapenzi wa mbio zipitazo urefu wa marathoni nao waliunda chama chao. Wale wa vijia vya porini waliunda chama kiitwacho kwa kifupi ITRA mwaka 2013, wakaandika maana ya mbio zao: zipite katika nchi ya asili, ziwekewe alama, na sehemu ya lami isizidi asilimia 20 ya njia yote. Mwaka 2015 shirikisho la dunia likazitambua rasmi kuwa sehemu ya riadha. Basi watu walikimbia kwanza, wakaandikiana kanuni, ndipo serikali ya mchezo ikaja na muhuri.

Hapa Tanzania ngazi ni hizi. Chini kabisa ni shule na vilabu. Juu yao ni chama cha riadha cha wilaya, kisha cha mkoa, kisha chama cha taifa, yaani Riadha Tanzania. Vyama vyote vya michezo huandikishwa na kusimamiwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Shule za sekondari zina umoja wao, UMISSETA, ambao wanafunzi wanaujua kuliko mimi. Viongozi wa chama cha wilaya huchaguliwa kwa kura. Aghalabu ni mwalimu, mfanyabiashara, mwanajeshi mstaafu, au mkimbiaji wa zamani. Hukutana jioni baada ya kazi, na nauli hutoka mfukoni mwao. Kuna mtu atakayesema kwamba watu hao hutafuta ukubwa tu. Wako wa namna hiyo, sikatai. Lakini chama kisichokuwa na katibu anayejibu barua ni jina tu, na mtoto mwenye mbio katika kijiji kisichoandikwa hawezi kuchaguliwa, hata akikimbia kama upepo.

Tena wilaya hii yatupasa tulijue jambo hili zaidi ya wengine. Filbert Bayi ni mzaliwa wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch katika New Zealand, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo mpaka mwisho akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka uliofuata akavunja na ile ya maili moja. Watu wengi huishia hapo wakisimulia. Mimi napenda kusimulia yaliyofuata: alipoacha kukimbia aliingia katika kazi ya mikutano na makaratasi, akawa kwa miaka mingi Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, na taasisi yenye jina lake imepata kuandaa tamasha la michezo pale mjini Karatu, lenye mbio, mipira na ngoma.

Nieleze sasa kazi ya kueneza mbio, yaani kuzifanya zipendwe, maana wengi hudhani ni kubandika matangazo. Mfano mzuri kuliko yote niujuao watoka Afrika Kusini, lakini mizizi yake imo katika ardhi yetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari mmoja aitwaye Vic Clapham, ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa kuendesha garimoshi, aliletwa na jeshi lake kupigana katika nchi hii ilipokuwa chini ya Wadachi. Alitembea kwa miguu yapata kilomita 2,700 katika jua, mvua na homa. Alipofika kwao alitaka wenzake waliokufa wakumbukwe, si kwa sanamu ya mawe, bali kwa safari ngumu ya miguu. Akaomba ruhusa ya kuandaa mbio kati ya Pietermaritzburg na Durban, karibu kilomita 90. Mwaka 1918 akakataliwa. Wakamwambia mwili wa binadamu hauwezi. Mwaka 1919 akakataliwa. Mwaka 1920 akakataliwa. Mwaka 1921 akakubaliwa, akapewa pauni moja ya gharama, nayo kwa masharti ya kuirudisha.

Tarehe 24 Mei 1921 walianza watu 34, wakamaliza 16. Hizo ndizo mbio za Comrades, na siku hizi maelfu ya watu huzikimbia kila mwaka. Lakini tusimsifu mwanzilishi mpaka tukafumba macho. Kwa zaidi ya miaka hamsini mbio hizo hazikuwakubali rasmi Waafrika wala wanawake. Mlango ulifunguliwa mwaka 1975 tu. Waliokataliwa walikimbia hata hivyo, bila namba kifuani na bila jina katika orodha. Kwa hiyo anayeshika kalamu ya kuandikisha wakimbiaji ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani.

Sasa nifike kwenye kazi ninayoipenda mimi, nayo ni kupima njia. Msomaji asiye na subira na hesabu aruke aya chache, lakini nadhani atakosa utamu.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Utazipimaje katika barabara yenye kona na vilima? Gari halifai, maana saa yake hukosea sana. Simu za mkononi nazo hukosea, hasa penye miti na mabonde. Njia inayokubaliwa na dunia nzima ni baiskeli. Bwana John Jewell wa Uingereza aliieleza mwaka 1961, na Bwana Ted Corbitt wa New York akaieneza Marekani kwa kijitabu cha mwaka 1964. Corbitt alikuwa mjukuu wa watumwa, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, na riziki yake aliipata kwa kazi ya kutibu viungo hospitalini. Upimaji aliufanya kwa mapenzi, akipita mitaani na baiskeli mapema kabla magari hayajaanza. Mwaka 1971 Mmarekani mwingine, Alan Jones, pamoja na mwanawe, walitengeneza kikaunta kidogo cha kufunga kwenye gurudumu la mbele, ambacho huhesabu mara ishirini na zaidi katika kila mzunguko mmoja. Kikaunta hicho hutumika mpaka leo.

Kazi yenyewe ni hivi. Hutafutwa mahali palipo sawa na palipo nyooka, mathalani mita 300, nazo hupimwa kwa tepu ya chuma. Mpimaji hupita hapo na baiskeli mara nne akiandika hesabu, apate kujua mita moja ni hesabu ngapi. Kisha hupima njia ya mbio akifuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuufuata, akikata kona kama mkimbiaji mwerevu. Akimaliza hurudi kwenye zile mita 300 kupima upya, kwa maana jua likiwaka upepo wa ndani ya tairi hutanuka, gurudumu likawa kubwa kidogo, na hesabu ikabadilika. Mwisho huongeza sehemu moja katika elfu, ili njia isije ikawa fupi. Katika marathoni nyongeza hiyo ni mita 42. Katika kilomita 10 ni mita 10.

Je, ni ushupavu wa bure? Sikiliza. Mwaka 1981 Mmarekani Alberto Salazar alishinda marathoni ya New York kwa saa 2 dakika 8 na sekunde 13, dunia ikasema ni rekodi. Baadaye wapimaji walirudia njia wakaona ilikuwa fupi kwa karibu mita 150. Rekodi ikaanguka. Ndipo mwaka 1989 Juma Ikangaa wetu aliposhinda mbio hizohizo kwa saa 2 dakika 8 na sekunde 1 juu ya njia iliyopimwa vema, saa yake ikawa rekodi ya New York, wala haikuvunjwa mpaka mwaka 2001. Hakuna aliyeweza kumwambia Ikangaa kwamba njia yake ilikuwa fupi. Na huko Manchester, Uingereza, ilionekana kwamba marathoni za mwaka 2013, 2014 na 2015 zilipungua mita 380, na saa za watu zaidi ya 20,000 zikafutwa. Mtu aliyejinyima mwaka mzima ili apate saa fulani, akaambiwa hakukimbia marathoni!

Sisi hatuna kikaunta cha Jones, lakini tuna hesabu. Nilipoanza kufundisha, katika shule niliyokuwa wakati ule, tulitaka kujua urefu wa njia yetu ya "kilomita 6". Tulifunga uzi mwekundu kwenye gurudumu la mbele, tukapita mita 300 za tepu, gurudumu likazunguka mara 143 kasoro kidogo. Basi kila mzunguko ni kama mita 2 na sentimeta 10. Kilomita 6 na ile nyongeza ya moja katika elfu ni mita 6,006. Gawanya, upate mizunguko 2,860. Mwanafunzi mmoja aliendesha polepole akihesabu kwa sauti, na mwingine alimfuata na kikombe, akitia punje ya mahindi kila ifikapo mia. Punje 28 na mizunguko 60 zilipotimia tulikuwa tumeupita mstari wa mwisho wa zamani kwa mita 180. Bingwa wa shule hakufurahi siku hiyo. Alikataa kula ugali mpaka tulipomweleza kwamba hata wale aliowashinda walikimbia njia ileile.

Katika vijia vya porini baiskeli aghalabu haipiti, na hapo watu hutumia gurudumu la kusukuma kwa mkono au ramani na simu, wakikubali kwamba kipimo si kamili. Ndiyo sababu katika mbio za namna hiyo rekodi ya dunia haisemwi. Husemwa nafasi tu, na saa ya njia ile.

Baada ya kupima huja watu wa njiani na watu wa mwisho. Wa njiani nimekwisha kueleza kosa langu. Nitaongeza kwamba alama peke yake haitoshi hapa kwetu, maana utepe uliofungwa jioni mbuzi huweza kuula kabla ya asubuhi, na watoto huuona ni zawadi. Mtu husimama, utepe husaidia. Yuko pia yule aitwaye mfagiaji, anayetembea nyuma ya mkimbiaji wa mwisho, akifungua tepe na kuhakikisha kwamba hakuna aliyeachwa kichakani. Kazi hiyo haina sifa hata kidogo, nami naiona ni kubwa kuliko ya kufyatua bastola ya kuanzia.

Watu wa mwisho ni watunza muda na waamuzi wa mstari. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia na kuipatia Tanzania dhahabu ya kwanza katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa saa moja, 2:09:48, na picha ya mstarini ndiyo iliyoonyesha kwamba Simbu alitangulia kwa sehemu tatu katika mia za sekunde, baada ya zaidi ya kilomita 42! Shule haina kamera ya namna hiyo. Ina macho ya watu, na kwa hiyo huwekwa waamuzi wawili kila upande wa mstari, wasiozungumza mpaka kila mmoja ameandika alichoona.

Lakini mfano ninaowapa wanafunzi wangu siku zote ni wa mtu wa mwisho, si wa kwanza. John Stephen Akhwari alizaliwa Mbulu mwaka 1938, wakati nchi yetu hii ya Karatu ilikuwa ndani ya Mbulu. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, alianguka katika msongamano, akaumia goti na bega. Alifungwa bendeji akaendelea. Aliingia uwanjani giza likiwa limeshuka, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Kisa hicho kila mtu anakijua. Fungua sasa orodha ya matokeo: nafasi ya 57, saa 3 dakika 25 na sekunde 27. Walianza 75, waliomaliza ni 57. Ile sekunde ya 27 iliandikwa na mtu aliyekuwa bado amesimama na saa yake, ingawa medali zilikuwa zimekwisha kutolewa. Angalikuwa amekwenda kula, leo tungalikuwa na hadithi, tusingalikuwa na matokeo. Miaka miwili baadaye Akhwari alikuwa wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh.

Iko na kazi nyingine ambayo ni ya uhai na mauti. Tarehe 22 Mei 2021, katika jimbo la Gansu nchini China, watu 172 walianza mbio za kilomita 100 milimani. Mchana ikaja mvua ya mawe na upepo wa baridi kali, nao wengi walikuwa wamevaa kaptura na fulana nyepesi. Wakafa wakimbiaji 21. Mchungaji mmoja wa kondoo, aliyekuwa amejificha pangoni, aliwaokoa sita, akawapa moto na mablanketi. Tangu nisome habari hiyo, kila nikiona ukungu umelala juu ya msitu wa Ngorongoro huwafikiria. Kwetu kuna baridi pia, kuna mito inayojaa ghafla wakati wa masika, na tembo na nyati hutoka msituni kuingia mashambani. Mwenye kuandaa mbio karibu na msitu hana budi kuzungumza mapema na askari wa wanyama, na serikali ya kijiji, na wachungaji wenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaojua jana usiku tembo walipita wapi. Tena awepo mtu mmoja, ajulikane kwa jina, mwenye haki ya kusema "Leo hatukimbii," hata kama wageni rasmi wamekwisha kukaa vitini.

Wazazi wataniuliza: je, binti yangu atakimbia vichakani na watu nisiowajua? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni orodha. Chama kinachoendeshwa vizuri kina majina ya wakimbiaji wote wanaoanza, wote wanaomaliza, na kina mtu mzima, mwanamke, aliyewekwa kwa ajili ya wasichana, na maji, na mtu wa huduma ya kwanza. Mzazi aombe kuonyeshwa orodha. Asipoonyeshwa, akatae. Hali kadhalika katika fedha: kiingilio kikikusanywa, hata kiwe shilingi mia tano, hesabu ibandikwe ukutani. Watu wa kujitolea wengi wameharibiwa jina, si kwa wizi, bali kwa kutoandika.

Mbio zetu za nyika za muhula ujao zitazunguka kutoka uwanja wa shule, zipite mashamba ya ngano, ziteremke bondeni na kurudi. Kwa njia hiyo twahitaji watu 12 wa njiani, wanne wa maji, wawili wa saa, wanne wa mstari, karani mmoja mwenye mwandiko mzuri, wafagiaji wawili wenye miguu imara, na baiskeli mbili za kupimia Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua shule. Wazazi wakaribishwa, hasa wachungaji. Anayetaka aandike jina lake katika daftari lililo mezani kwa mwalimu wa michezo, na aandike pia mahali anapopenda kuwekwa.

Ile njia panda ya pili, penye mgunga, msiiandike. Nimekwisha kuandika jina langu.